Jinsi ya kufunika misalaba na sanamu za kanisa kabla ya Pasaka

Kwaresima ikishavuka nusu, simu huanza kuingia kutoka vigango (makanisa madogo ya parokia) vya jirani. Tununue kitambaa mita ngapi? Tufunge lini? Altare, meza ya Misa, nayo ifunikwe? Nimehudumu sakristia (chumba cha vyombo na mavazi ya ibada) huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, kwa miaka 14, na maswali hayo nimeyajibu kwa mdomo kila mwaka, mara nyingine Jumamosi jioni mwenye kuuliza akiwa tayari juu ya ngazi. Nimeona heri niyaandike, ili mwenye kazi hii ayasome wiki tatu mapema, nafasi ya kushona ikiwapo.

Kabla ya mita na mafundo, shika hili: kitambaa cha Kwaresima hufungwa kwa ajili ya siku ya kufunguliwa. Karibu wiki mbili macho nayo yanafunga, kama tumbo linavyofunga. Ijumaa Kuu msalaba ukifunuliwa, mtu aliyekuwa akiupita kila Jumapili bila kuutazama anauona. Ukilishika hilo, mambo ya rangi, kipimo na hata fundo utayaamua mwenyewe bila kuniuliza.

Anza kwa paroko

Usipande ngazi kabla ya kuzungumza na padri. Misale ya Roma, kitabu cha sala na maelekezo ya Misa, mwishoni mwa juma la nne la Kwaresima, inasema kwamba desturi ya kufunika misalaba na sanamu kanisani kuanzia Dominika (Jumapili) ya tano inaweza kudumishwa, baraza la maaskofu likiamua hivyo. Waraka wa Vatikani wa tarehe 16 Januari 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka unasema vivyo hivyo. Kwa hiyo ni ruhusa, si amri. Kuna parokia zinazofunika na kuna zisizofunika, na sakristani hana mamlaka ya kujiamulia.

Muulize mambo matatu kwa wakati mmoja. Tutafunika? Ijumaa Kuu utatumia namna gani ya kuonyesha msalaba, ya kuufunua hatua kwa hatua au ya kuingia nao mlangoni ukiwa wazi? Na kama msimamizi wenu ni Mtakatifu Yosefu, kama ilivyo kwa kanisa kuu la Kakamega, muulize pia sikukuu ya 19 Machi ikiangukia ndani ya siku za kufunika mtafanyaje na sanamu yake. Swali hili usiliache hadi tarehe 18.

Siku ya kufunga

Hesabu ni nyepesi. Tafuta tarehe ya Pasaka, rudi nyuma Jumapili mbili. Ya kwanza ni ya Matawi, ya pili ndiyo Dominika ya tano. Vitambaa hufungwa Jumamosi yake, kabla ya Misa ya jioni kama mnayo. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, hivyo Dominika ya tano ni 14 Machi, na kazi inafanyika Jumamosi tarehe 13. Mwaka huo sikukuu ya Yosefu inaangukia Ijumaa inayofuata, ndiyo maana nimelitaja swali lile.

Vigango vingi hufunika tangu Jumatano ya Majivu. Nasi tulifanya hivyo zamani, nami niliipenda, kwa kuwa ilionekana kama bidii. Lakini nilianza kuwatazama watu. Wiki ya kwanza waliinua macho. Wiki ya tatu hakuna aliyeona tena. Zambarau ilikuwa imegeuka kuwa ukuta. Ilipofika Juma Kuu, hakukuwa na badiliko lolote la kumwambia mtu kwamba sasa tunaingia mateso. Ukifunga Dominika ya tano, mtu anaingia mlangoni na anasimama.

Wazee wetu wa imani huko Ulaya walikuwa na desturi zao. Zama za kati walitundika pazia moja kubwa mbele ya altare Kwaresima nzima, likashushwa Jumatano ya Juma Kuu yaliposomwa maneno ya pazia la hekalu kupasuka. Baadhi ya mapazia hayo yapo hadi leo: lile la Gurk, Austria, ni la mwaka 1458, na lile kubwa la Zittau, Ujerumani, ni la 1472, lenye urefu wa zaidi ya mita 8 na picha 90 za habari za Biblia. Uingereza walifunika kwa kitani kisichotiwa rangi. Desturi yetu ya wiki mbili imeshikana na Injili iliyokuwa ikisomwa Dominika hiyo kabla ya mabadiliko ya liturujia ya 1969, Yohana 8, inayomalizika Wayahudi wakiokota mawe, "lakini Yesu alijificha, akatoka hekaluni." Siku hizi mstari huo unasomwa Alhamisi ya juma la tano. Mwombe katekista auguse siku hiyo. Watoto huelewa papo hapo kwa nini Yesu hawamwoni.

Kipi kifunikwe, kipi kiachwe

Vinavyofunikwa ni misalaba na sanamu, pamoja na picha takatifu za ukutani. Msalaba wa maandamano nao unafunikwa. Kigango chenye msalaba mmoja wa mbao na kalenda mbili za Moyo Mtakatifu kinafunika hivyo hivyo, na kazi inaisha kwa nusu saa.

Vituo vya Njia ya Msalaba viacheni wazi, vyote 14. Ndivyo tunavyosali navyo kila Ijumaa. Kuvifunika ni kumnyang'anya mtu jembe wakati wa kulima. Madirisha ya vioo vya rangi nayo hayafunikwi.

Altare ndiyo inayowachanganya wengi. Altare haivikwi zambarau kama sanamu. Inabaki na kitambaa chake cheupe, na Misa inaadhimishwa juu yake kama kawaida, ila bila maua, kwani maua yaliondoka tangu Majivu isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Zamu ya altare ni Alhamisi Kuu: baada ya Misa ya Karamu ya Bwana inavuliwa kila kitu, hadi mbao au jiwe lionekane. Tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, pia msiifunike kama sanamu. Alhamisi hiyo inatakiwa iwe tupu kabla Misa haijaanza.

Kupima na kununua

Chukua futi ya fundi, daftari na mtu wa kukushikia ngazi. Kwa kila sanamu andika vipimo viwili, urefu na mzunguko mahali ilipo pana zaidi. Pana zaidi mara nyingi si mabega. Sanamu ya Mama Maria yenye mikono iliyonyooshwa chini, upana wake uko kwenye vidole.

Mfano wa yetu: urefu sentimita 120, mzunguko wa mikononi 130. Nusu ya mzunguko ni 65, ongeza 10 za mshono na nafasi, unapata 75. Huo ni upana wa upande mmoja, mbele au nyuma. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatoa pande zote mbili sambamba bila kubaki kipande. Urefu, ongeza 20 kwa pindo na kichwa, unakata mita 1.4. Ndiyo hesabu yote, na ukiifanya kwa kila sanamu utaingia dukani ukijua mita zako. Asiyejua mita zake huuziwa ama zaidi ama pungufu.

Sisi hununua Kibuye, Kisumu, soko lililo karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa. Nenda siku ya kazi asubuhi. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko na huwezi kukikunjua kitambaa ukakitazama kwa utulivu. Tafuta pamba iliyochanganywa na poliesta, kama ya sare za shule, isiyong'aa. Satini inavutia macho, nasi tunayaomba macho yapumzike. Rangi iwe zambarau iliyoiva, isiyoelekea waridi. Fanya majaribio mawili palepale kibandani. Weka kiganja nyuma ya kitambaa uelekeze kwenye mwanga. Ukivihesabu vidole vyako, kirudishe. Kisha lowesha pembe ya leso nyeupe usugue kitambaa. Leso ikitoka na rangi, jua kitachuja.

Jaribio hili la pili nililipia gharama. Mwaka mmoja nilinunua kitambaa chepesi, nikakishona bila kukiloweka. Jumatano ya Juma Kuu ikanyesha mvua ya masika unayoijua, na bati lilikuwa na tundu la msumari juu kabisa ya sanamu ya Mama Maria. Maji yalidondoka usiku kucha. Nilipofunua Jumamosi, rangi ilikuwa imeshuka kutoka paji la uso hadi shavuni, mstari mmoja mwembamba, umekolea. Plasta hunywa rangi kama chaki inavyokunywa wino. Tulipangusa kwa maji ya uvuguvugu na pamba, ilififia, haikutoka. Mkesha wa Pasaka akina mama walimwimbia akiwa na mstari ule usoni, nami nilisimama nyuma nikiwa na uchungu ambao sijausahau. Tangu hapo kitambaa kipya kinalala ndani ya maji ya chumvi usiku mmoja, kinafuliwa, na maji ya mwisho lazima yatoke meupe. Na kabla ya Machi mtu anapanda juu ya paa.

Kushona

Fundi yeyote wa cherehani anaweza, mradi umweleze kwamba hashoni nguo. Anachoshona ni foronya: pande mbili, mshono ubavuni na juu, chini wazi. Pembe za juu azikate mviringo, la sivyo zitasimama kama masikio na watoto watacheka. Asiweke lesi, wala msalaba wa dhahabu, wala maandishi. Akina mama hupenda kupamba, na upendo huo ni wa kweli. Waombe wautunze kwa ajili ya kitambaa cheupe cha Pasaka.

Chini ya foronya apitishe utepe ndani ya pindo, ili ukivuta ikaze kwenye kitako cha sanamu. Lastiki usitumie, hupanda yenyewe polepole, na ifikapo Matawi miguu ya mtakatifu iko nje.

Msalaba mkubwa wa ukutani unahitaji kipande kimoja tu, kilichonyooka. Kama una urefu wa mita 2 na mikono ya mita 1.2, kata mita 2.4 za kitambaa kile cha 150. Juu shona mfereji, pitisha ufito au fimbo ya pazia yenye urefu uliozidi mikono kidogo, tundika kwa kamba kwenye msumari ulio juu ya msalaba. Kitambaa kinashuka mbele bila kumgusa Msulubiwa. Ijumaa utavuta kamba moja tu.

Kufunga

Jumamosi yenyewe fanyeni mkiwa watatu: wa juu, wa kushika ngazi, wa kupokea na kupokeza. Futa vumbi kwanza, na utazame nyuma ya sanamu, kwa kuwa nyigu hupenda kujenga hapo. Usiinue sanamu ya plasta. Ivike ikiwa mahali pake, ukianzia kichwani, mkono wako mmoja ndani ya kitambaa ukivifunika vidole vya sanamu hadi kitambaa kivuke. Vidole ndivyo vinavyovunjika, na huvunjika bila kelele. Utaviona chini ya foronya baada ya wiki mbili.

Ukimaliza nenda ukae benchi la nyuma. Tazama kama kuna kitambaa kilichopinda. Kilichopinda kitaondoa watu kwenye sala kuliko sanamu yenyewe ingalivyofanya. Makanisa yaliyo karibu na ziwa yana kazi ya ziada: wadudu wa ziwani hufuata taa jioni na kuganda kwenye kitambaa kama pilipili manga iliyomwagwa. Zimeni taa za mbele mapema, na mkung'ute kwa ufagio laini kila Jumamosi.

Kisha watu waelezwe. Haya katekista asome kabla ya Misa, taratibu: "Ndugu, kuanzia leo misalaba na sanamu zimefunikwa. Kanisa linatuingiza katika siku za mateso ya Bwana. Tunachokiona kila wiki tumeondolewa kwa muda, ili tukitamani. Msalaba tutafunuliwa Ijumaa Kuu, na sanamu kabla ya Mkesha wa Pasaka." Yanatosha. Hapa Magharibi mtu hahitaji maelezo marefu kuhusu kuvua mapambo. Tunajua mfiwa anavyonyolewa na anavyokaa.

Shangazi yangu ni wa Kanisa la Marafiki, wale walioanzia Kaimosi mwaka 1902, ambao nyumba zao za ibada hazina sanamu hata moja. Alikuja kanisani kwetu juma la tano, akanishika mkono mlangoni. "Mwana wa kaka, hawa wana kosa gani mkawafunga?" Nilimweleza nililoandika hapo juu kuhusu macho kufunga. Akaketi, akatazama mbele kwa muda mrefu, akaniambia siku hiyo alisali vizuri.

Alhamisi na Ijumaa

Alhamisi Kuu usiku, altare ikivuliwa, msalaba wowote unaoweza kutolewa kanisani utolewe, na unaobaki ufunikwe, kwa zambarau au nyekundu. Kama mlishafunika tangu Dominika ya tano, hamna kazi mpya. Mbele ya sanamu pasiwashwe mishumaa.

Kazi ngumu ya mwaka mzima ni ule msalaba mmoja wa Ijumaa. Padri akichagua namna ya pili, yaani kuingia nao mlangoni ukiwa wazi na kusimama mara tatu, karibu na mlango, katikati ya kanisa na mbele ya altare, wewe huna kitambaa cha kuandaa. Akichagua namna ya kwanza, msalaba unaletwa ukiwa umefunikwa zambarau, naye anaufunua mara tatu: sehemu ya juu, kisha mkono wa kuume, kisha wote. Kila mara anaimba akiutangaza mti wa msalaba, watu wanaitikia, wanapiga magoti kimya kidogo.

Mwaka wangu wa pili niliufunga kwa pini za kushonea, tisa. Padri alivuta sehemu ya juu, pini ikashika. Akavuta tena, na kitambaa chote kikaanguka miguuni pake kabla ya wimbo wa pili. Watu walikuwa wamefunga kula tangu asubuhi, wengine wametembea kilomita nyingi kwa Njia ya Msalaba barabarani, na kile walichokingojea kilipita kwa sekunde moja. Pini haijagusa msalaba huo tena.

Sasa tunaushona vipande vitatu. Cha chini ni kama aproni, kinafunika mkono wa kushoto na mti wote, kinafungwa kwa tepe mbili nyuma. Hicho kinavikwa kwanza. Cha pili ni soksi ya mkono wa kuume, nao ni mkono wa kuume wa Kristo, si wako unayemtazama. Ukingo wake unapanda juu ya aproni sentimita 5. Cha tatu ni kofia ya kichwa cha msalaba, inavikwa mwisho, juu ya vyote. Kilichovikwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Kila tepe ifungwe fundo la kuvuta mara moja, ncha ikining'inia sentimita 15, na ncha ya kofia iwe upande ambao mkono wa padri utakuwa. Mtumishi wa altare asimame nyuma kupokea vipande. Kitambaa kisitupwe sakafuni.

Mfanye mazoezi Jumatano, na padri mwenyewe kama ana nafasi. Mara tatu. Wimbo uimbwe kamili, kwa sababu mkono hujifunza mwendo wa wimbo.

Ibada ikiisha, misalaba mingine yote kanisani inafunuliwa kimya, bila kengele wala tangazo. Ule ulioabudiwa unabaki na mishumaa yake, na anayepita mbele yake anapiga goti hadi Mkesha.

Kufunua sanamu na kuhifadhi

Sanamu zinangoja Jumamosi Kuu. Zifunueni kwa mwanga wa mchana, tuseme saa kumi alasiri, maana Mkesha unaanza usiku taa zikiwa zimezimwa, na hakuna sherehe ya kuzifunua. Watu watazikuta. Taa zikiwaka, ndipo utasikia kanisa zima likivuta pumzi.

Juma la Pasaka fua vitambaa, vianike kivulini vikauke kabisa. Aprili huku kwetu ni ya mvua, na kitambaa kilichokunjwa kikiwa na unyevu hutoa ukungu ndani ya siku chache. Zambarau yenye madoa ya ukungu haisafishiki. Weka majani makavu ya mwarobaini katikati ya mikunjo. Kila kipande kishonewe ndani, kwa uzi mweupe, jina la sanamu yake, kwa sababu mwakani huenda mwingine ndiye atakayekuwa juu ya ngazi. Ndani ya sanduku acha karatasi yenye vipimo vyote na kilichopungua. Yetu ya mwaka huu imeandikwa: utepe mita 3, foronya ya Yosefu iongezwe urefu sentimita 10, ufito mpya, tundu la bati upande wa kwaya.